Bukari Ilingojea Wimbo

Nitaandika ninavyokumbuka, na ninajua kumbukumbu yangu hupenda kunipa haki hata pasipo haki. Kwa hiyo nianze na mazuri ya upande wa pili, wa bwana harusi. Gari lilikuwa lao. Mafuta yalikuwa yao, wakati mji mzima ulikuwa unayatafuta kwenye chupa kando ya barabara. Mjomba wa bwana harusi, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, alilileta mwenyewe na dereva wake hadi kwangu, mtaani Naviundu, limeoshwa, na utepe mweupe mbele.

Ilikuwa miaka ile kampuni ya mgodi ilipoanguka. Kaka yangu, baba wa bibi harusi, aliachishwa kazi, akaenda Kambove kuchimba kwa mikono, na shimo likamfunika. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu, anaongoza kwaya ya parokia. Mimi nilikuwa na ordinateri, yaani kompyuta, sebuleni. Niliwachapia watu barua na kuwachomea muziki kwenye CD. Shule sikufika mbali. Kazi hiyo niliijua kwa kuharibu. Nikaihamisha ile kaseti, nikatoa CD, maana mtoto wake huyo alikuwa ameniambia wazi mimi shangazi yake: siku ya kutoka nyumbani baba yake ndiye atakayemtoa. Bila sauti ile, haingii garini.

Asubuhi ya harusi redio ya gari ikameza CD yetu, ikakoroma, ikaandika "Erreur", yaani kosa, ikaitema.

"Hii redio iko na diplome," akasema jirani yangu, mpishi mkuu wa siku hiyo, mwiko mkononi. "Haisikilize bantu ya hivi hivi!"

Nikaipangusa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Ikatemwa. Mjomba akaweka CD yake ya dukani, ikaimba bila shida. Basi redio haikuwa na kosa, na nilisema hivyo mbele ya wote. Nikaingia ndani, nikaweka yetu kwenye ordinateri: kaka yangu akaimba.

"Mama," mjomba akaniambia kwa heshima, "muziki iko. Twende na ya kwangu. Padri anangoya."

Alikuwa na haki. Nilikaribia kukubali. Nikamgeukia mtoto: amekaa na gauni lake lote, miguu mitupu.

"Tantine, miye sivale viatu."

Hapo ndipo nilipofikiri sawasawa. CD ile nilikuwa nimeichoma kwa mwendo wa haraka kuliko wote, kwa kuogopa umeme. Kwetu umeme ukidhoofika ordinateri huzimika, na diski iliyokuwa katikati ya kuchomwa imekufa. Lakini diski ya haraka haraka alama zake huwa hafifu. Ordinateri inazisoma, redio ya gari inazikosa. Ilitakiwa ichomwe polepole. Na siku hiyo waliokuwa wanaudhoofisha umeme ni sisi wenyewe: nyuma ya nyumba resho, majiko yetu ya umeme, zilikuwa zimewaka kila pembe, bukari, ugali wetu, na kuku juu yake, zote zikila umeme wa waya mmoja tu ulioingia nyumbani.

Nikaenda nyuma. "Bamama, muzime resho yote."

"Weye uko muzima?" akauliza jirani. "Bukari iko katikati!"

"Muzime."

"Na bageni batakula nini? CD?"

"Batakula CD. Nitabakatia vipande."

Wakacheka, lakini hakuna aliyezima. Nikawaambia kwamba mtoto hatoki bila baba yake, na mimi simtoi. Sikuwa na hakika kama nina haki ya kuwashindisha watu njaa. Jirani akaitazama sufuria, akachomoa resho ya kwanza.

"Kaka yako alipenda kula," akasema. "Leo naye angoye kidogo."

Tukaichoma polepole. Mjomba alitazama saa yake, kisha akaketi kungoja, na hilo pia naliandika. Bukari ikashika mabonge.

Redio ikaimeza. Kimya. Halafu kikohozi cha kaka yangu, kilekile cha kwenye kaseti kabla ya wimbo, kisha sauti. Mtoto akaomba viatu.

Dereva alitaka njia ya mkato. Nikasema hapana, pita mbele ya lango la kampuni iliyomwachisha kazi kaka yangu. Mjomba akanikumbusha padri. Nikamwambia padri amezoea kusubiri, Bwana wake hajarudi bado. Akacheka, akamwambia dereva, "Pita kule Mama anasema."

Langoni tukafungua vioo vyote, mtoto mwenyewe akaongeza sauti hadi milango ikatetemeka. Mlinzi akasimama. Sikumkazia macho, naye labda alikuwa hajalipwa. Kaka yangu aliliimbia lile lango mpaka mwisho wa ukuta.

Bukari ilikuwa mbaya, ni kweli. Waliolalamika hawakusema uongo. Lakini ningezima tena.