Chokaa Nyuma ya Pazia

Ndugu wasomaji, Mungu amenijalia uvumilivu wa miaka mingi, lakini juzi niliumaliza wote kwa ukuta mmoja.

Jengo letu la mawe hapa Njoro lilijengwa na wamisionari wa kwanza. Siku za kazi ni shule, Jumapili ni kanisa, na mimi mzee wa kanisa hulijua la Jumapili tu. Mkaguzi wa elimu alikuwa aje Jumatatu kuwapima watoto. Wakifaulu, tungepewa darasa la tano. Basi Jumamosi nikaenda kusafisha.

Nilipotoa pazia la nyuma ya madhabahu ili lifuliwe, nikakuta ukuta umepakwa masizi na kujaa maandishi ya chaki. Sikujisumbua hata kuyasoma.

"Tazama wanavyochafua nyumba ya Mungu!" nikamwambia Mama Wambui, niliyekuwa nikifagia naye.

"Baba, si ungoje mwalimu?"

"Nimengoja vya kutosha!"

Nikapaka chokaa mara tatu, maana masizi yalikataa kufunikwa. Pazia lilipokauka nikalirudisha nikiimba.

Jumatatu nilikaa nyuma ya darasa, nikitarajia kupongezwa.

"Ubao wetu uliliwa na mchwa, Bwana," mwalimu akamweleza mkaguzi, "kwa hivyo niligeuza ukuta kuwa ubao. Maswali yako yote ya hesabu niliyaandika Ijumaa."

Akavuta pazia.

Watoto wakautazama ukuta mweupe, kalamu mkononi. Mmoja akauliza, "Mwalimu, tuanze na la ngapi?"

Mkaguzi akageuka. Mwalimu akageuka. Mimi nilikuwa nikificha kucha zangu, zingali nyeupe.