Mtungi Uliovalishwa Ngozi

Bwana Gedi angeishi siku hizi, angepaka chokaa hata simu yake. Miaka ya hamsini alikuwa dresa wa zahanati pale Garsen, mtu wa kufunga vidonda na kupiga sindano, lakini ukimuuliza kazi yake angekwambia ni usafi. Mawe ya uani, meupe. Vigogo vya miti, vyeupe. Mbuzi walikuwa wanampitia mbali.

Kabla ya hapo alichunga ng'ombe. Ndiyo maana mama mkwe wake, Kafia, hakuwahi kumsamehe. Mwanamume mzima anaacha mifugo akaoshe vidonda vya watu? Gedi hakumjibu hata siku moja. Mkwe ni heshima: ukikutana naye unatazama chini, unapunguza sauti, unapita. Miaka yote ya ndoa alivijua viatu vya Kafia kuliko uso wake.

Sasa, daktari wa kuzunguka alikuwa ameacha hapo mtambo wa kupumulia na mitungi miwili. Mweusi wenye mabega meupe ulikuwa wa oksijeni. Wa buluu ulikuwa wa gesi ya usingizi, ile ya kupasulia watu, inayomchekesha mtu kabla ya kumlaza. Halafu ikasikika Bwana DC, mkuu wa wilaya, anapita kukagua. Gedi akafanya nini? Akaipaka yote miwili chokaa, akaianika juani, akairudisha ndani. Ikapendeza kweli. DC mwenyewe hata hakushuka garini.

Wiki hiyohiyo Kafia akaletwa na nimonia. Midomo rangi ya majivu, kifua kinahangaika. Binti yake Lul, mke wa Gedi, amemshika mgongo.

"Baba Mohamud, mpe mama hewa!"

Gedi akatazama mitungi. Mweupe na mweupe. Kukwangua chokaa ni kazi ya kucha tu, lakini si mke wake angejua kwamba hajui? Akachukua wa kushoto.

Mtambo ukaukataa. Mdomoni mwake mlikuwa na pini mbili za chuma, zinazoingia kwenye matundu ya shingo ya mtungi wa oksijeni tu. Mtungi mwingine una matundu yake kwingine, haukai. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Gedi akasema chuma kimevimba kwa joto.

Akakumbuka malishoni. Ng'ombe akifiwa na ndama anagoma kutoa maziwa, basi wafugaji wanamvalisha ndama mwingine ngozi ya yule aliyekufa. Ng'ombe ananusa, anatulia, anakamuliwa. Gedi alikuwa fundi wa hilo. Akakata kipande kinene cha ngozi, akatoboa tundu katikati, akakipachika kati ya mtungi na mtambo. Pini hazikufika tena shingoni. Akakaza kwa spana. Mtungi ukatulia kama ndama.

Kafia akafungua jicho moja.

"Gedi... hiyo ngozi ya nini?"

"Ya kuziba, mama," akaiambia sakafu.

"Umeudanganya mtambo... kama ng'ombe?"

Gedi akaipangusa spana kwa shati.

"Basi onja wewe kwanza."

Utamkatalia mkwe? Gedi akafungua, akajibandika mpira wa kupumulia puani, akavuta kwa nguvu kuonyesha hakuna shida. Akavuta tena. Akaanza kutabasamu. Kisha akainua kichwa, akamkazia Kafia macho, usoni kabisa.

"Mama! Kumbe una macho mazuri hivi!"

Akacheka, akateleza ukutani taratibu, akakaa chini, akaendelea kucheka na viatu vyake.

"Lul," Kafia akahema, "toa hiyo ngozi."

Lul akamnyang'anya mume wake ule mpira, akafunga gesi, akang'oa ngozi, akaleta mtungi wa pili. Pini zikaingia zenyewe, bila kubembelezwa. Akakwangua kwa kucha: mweusi. Akafungua, akamwekea mama yake mpira puani. Kafia akavuta, akavuta, na midomo ikaanza kurudi rangi ya mtu. Sindano za penisilini zikamalizia kazi siku zilizofuata.

Gedi alishinda kesho yake uani akikwangua mitungi, kichwa kinamgonga. Hakuna aliyemtuma. Mawe aliyaacha meupe, mtu habadiliki kabisa kwa siku moja.

Kafia alipona, akaishi miaka mingi. Ile ngozi aliichukua, akaifunga kwenye kibuyu chake cha maziwa. Kila Gedi alipopita, macho chini, sauti chini, mama mkwe alikitikisa kibuyu.

"Mkwe wangu, hujambo? Na leo macho yangu unayaonaje?"