Samaki ya Kwanza Kuingia

Umeisha kuona ndugu ba tumbo moja banapigana na masufuria ku barza, mbele ya bantu ba kartie nzima?

Mi nimeona. Na ni mi njo niliwapiganisha. Sikurusha hata jiwe moja.

Mi ni Myriam, minaikala Dilala, mu nyumba za zamani za kampuni ya migodi. Bwana yangu Kalumba, Mungu amulaze mahali pema, alikuwa na wazimu moja tu: samaki. Mukubwa yake wa kazi alirudi kwabo, akamuachia aquarium, ile sanduku ya vioo ya kufugia samaki, ya maji ya chumvi. Kalumba akatafuta samaki bidogo ya bluu, ya bahari. Kwa macho ni bizuri, lakini roho mubaya!

Mara ya kwanza alitia moja. Kisha akatia zingine. Ile ya kwanza iliziuma zote mpaka zikakufa.

"Papa Jémima, si ni ndugu zake?" nikamuuliza. Jémima ni binti yetu.

"Njo sababu ile. Samaki ya aina ingine haina shida nayo. Ile inafanana nayo njo inachukia. Ukitaka ziikale pamoja, zitie zote siku moja. Ile inatangulia, ata kwa siku moja tu, inasema maji yote ni yake."

Akatia tano kwa mara moja. Zikaikala salama, kila moja na jiwe yake.

Kisha Kalumba akagonjwa, akakufa ku hospitali.

Kilio ilikuwa haijaisha muzuri, bandugu zake batatu bakaikala mu salon ya nyumba yangu, banakula bukari na mboga yangu. René mukubwa, Sadrack, na dada yabo Godelieve.

"Mama Jémima," René akasema, "nyumba ni ya famille, ya jamaa yetu. We na mutoto murudi kwenu Lubudi. Dimanche, tukitoka misa, tunaingia bote."

"Na Jémima? Si ni damu yenu?"

"Mutoto mwanamuke? Ataolewa."

Godelieve akatazama chini.

Mutima ulichemka, wee! Nilitaka kumumwangia René ile mboga ya moto ku kichwa. Nikaenda kusimama mbele ya aquarium, machozi inatoka. Zile samaki zinazunguka tu, salama.

*Tunaingia bote.*

Nikapangusa machozi.

Vendredi, siku mbili mbele ya ile dimanche, nikamuita René peke yake. "Tata René, we njo mukubwa. Itakuwa haya kwako uingie siku moja na badogo yako. Kamata funguo."

Alicheka mpaka meno ya nyuma ikaonekana. Ile siku ile alileta kitanda, bibi yake, na bakuku. Mi nikachukua Jémima, tukavuka barabara kwa mama Angèle, jirani yangu. Kwenda Lubudi? Nikose ile sinema?

Dimanche, Sadrack na Godelieve bakafika na matela za kulalia ku kichwa. René akasimama ku mulango.

"Munatafuta nani?"

"Tulisema bote!"

"Bote gani? Mi njo mukubwa. Chumba haiko."

Sadrack akamusukuma. Bibi ya René akatoka na sufuria. Godelieve akamunyanganya ile sufuria, akamupiga René nayo. Bakuku inaruka, bantu bamejaa barabara nzima. Mi niko ku dirisha ya mama Angèle, minakunywa chai. Ilikuwa tamu, siwadanganyi.

Chef de quartier, mukubwa wa kartie yetu, tata Omer, akafika. "Mutulie! Hii nyumba ni ya nani?"

Godelieve, mudomo umevimba, akapiga kelele: "Haiko ya René! Haiko ata ya sisi! Kalumba alituambia ku hospitali, sisi bote batatu: nyumba ni ya Mama Jémima na mutoto. René njo alitukataza kusema!"

"Ni kweli, nilisikia," Sadrack akasema. Si kwa huruma. Alitaka tu René atoke.

Kikombe ikaniponyoka. Mi nilitaka baumane tu. Sikujua Kalumba alinisemea. Nililia pale ku dirisha sawa mutoto.

Tata Omer akamuamuru René atoke. Mbele ya jua kuzama, René alikuwa inje na kitanda yake.

Nikaingia mwangu. Samaki zote zilikuwa zinaelea, tumbo juu. René alizibadilishia maji, akatia ya robinet, bila chumvi. Ile iliniuma sana. Kalumba alizipenda.

Juzi Godelieve akakuya kwangu na kitunga ya tomati. "Mama Jémima, tusameheane. Nikuwe ninakuya kusalimia mutoto."

"Karibu, dada. Lakini mukuye bote batatu, siku moja, mu mulango moja."

Alijua haiwezekani. René na Sadrack ata ku misa habaikali tena ku kiti moja. Akabeba tomati yake, akaenda.

Bandugu, ukiona bantu bameungana juu yako, usipigane nabo. Bafungulie mulango, lakini mumoja atangulie.

Na musiniambie nisamehe. Bado.