Tulipongoja Wasaini Ndipo Tumzike Papa

Papa alikufa asubuhi, nyumbani kwetu Kalemie, kando ya ziwa, akiwa amekaa anangoja uji upoe. Aliniambia mara nyingi, mimi binti yake wa kwanza, kwamba akifa tumrudishe kijijini kwetu, kaskazini ya mji wa Baraka, alale kati ya baba yake na kaka yake. Kalemie alikuja kuvua, akajenga, akatuzaa sote hapa, lakini hakukubali hata siku moja kwamba ni kwake. Alikuwa akisema hapa yuko kazini tu, na kazi yenyewe alikuwa ameiacha zamani.

Kijijini kwetu tunakwenda kwa boti. Mwenye boti aliyekuwa akitupelekea ndagala, dagaa wetu wa biashara, huko Baraka miaka yote alikuja msibani, akakaa, akala, kisha akamweleza Mama kwamba hawezi kumbeba Papa. Vita ilikuwa inashuka na ufuko, na majini askari walikuwa wanapiga kwanza ndipo waulize. Ila wakubwa wa nchi walikuwa wanakwenda kusaini amani huko Amerika wiki ile ile. Wakisaini, njia itafunguka, naye ataondoka kesho yake.

"Basi tutangoja," Mama akasema. "Wakisaini, tunaenda naye."

Nani angembishia mjane? Mimi nilinuna tu. Papa alikuwa morgi, chumba cha maiti cha hospitali, na umeme wa Kalemie tunaujua wenyewe. Tena kwetu maiti asipozikwa hakuna kazi. Moto wa matanga unawaka uani, wanawake tunalala chini pamoja na mjane, na hakuna wa nyumba ile anayekwenda ziwani wala sokoni. Ndagala zangu zilioza kwenye magunia. Nyumba nzima imekaa chini, inangoja kalamu ya watu ambao Kalemie hawajaisikia hata kwa bahati mbaya! Nilikuwa na hasira mpaka chakula kilinishinda.

Wanaume walikaa na redio pale motoni, wakabishana kama watu wa mpira. Huyu aliwaamini Waamerika, kwa sababu wakikasirika kila mtu anaogopa. Yule akamcheka, akasema wanachotaka ni mawe ya madini ya Manono, amani ni mfuko wa kuyabebea. Mwingine alikuwa upande wa Waarabu, waliokuwa nao wanasuluhisha, eti wao wana subira. Papa mudogo, ndiye mdogo wake marehemu, aliwalaani majirani zetu wa mashariki na silaha zao, kisha akawalaani na wakubwa wetu wenyewe, waliotuacha mpaka shida zetu zikasemewe na wageni.

Siku moja shemeji yetu, mtani wa Papa, alivaa kofia ya marehemu, akainamia redio, akaigiza sauti yake: "Muwaambie wafanye haraka, mimi naharibika huku." Tulicheka wote. Mama naye alicheka, akacheka, akashindwa kuacha, kicheko kikageuka kilio. Alilia mpaka jioni, na shemeji akairudisha kofia.

Wakasaini kweli. Redio ilisema, watu wakapiga makofi, msibani! Wanawake walimfulia Mama kitenge cha safari, na mwenye boti akaenda kutafuta mafuta. Sitasema uongo, hata mimi niliamini. Nilifurahi, Papa yangu akiwa hajazikwa bado, nilifurahi.

Hazikupita siku nyingi, maboti yakaingia bandarini kutoka kaskazini yamejaa magodoro, sufuria na watoto. Waliposhuka walisema risasi hazijapungua, zimezidi, na mji mkubwa wa kule juu umechukuliwa na waasi. Mama mmoja alikijua kijiji chetu. Akatuambia kimebaki mbuzi tu, hata mwalimu wa kanisa amekimbia. Hapakuwa na mtu wa kumpokea Papa, wala wa kumchimbia. Mwenye boti hakuja kutuambia mwenyewe, alimtuma mke wake.

Hospitali nao wakatuma mtu: umeme umekatika na haujarudi, mje mumchukue leo.

Papa mudogo alimwangalia Mama. Mama ndiye aliyeanza. Akauliza kama wale wakubwa walisaini au hawakusaini. Akajibiwa kwamba walisaini.

"Sasa walisaini nini?"

Wale mabingwa wote wa redio waliinamisha vichwa.

Tulimzika Papa hapa hapa Kalemie, mchana ule, haraka haraka. Kwetu, kabla ya udongo, mjane anamwambia marehemu amelala kati ya nani na nani, asijione mgeni. Mama alisimama pembeni ya shimo, akatazama. Kushoto kulikuwa na msalaba wa mti usio na jina. Kulia, tuta dogo la juzi. Akanituma kwa wachimbaji. Walisema lile dogo ni la mtoto aliyeshushwa botini ameshakufa, na wazazi hawajaonekana. Lile lingine hawalijui. Nilirudi na hayo tu. Mama alikuwa na majina yote ya makaburi ya kijijini kwetu kichwani, na hakuna hata moja la kumfaa pale.

Aliinama.

"Papa, hapa kuume kwako ni mutoto. Hana muntu. Umuangalie. Huyu mwingine hatumujui, utamuuliza mwenyewe."

Kisha akawaambia vijana wafukie.