Kiraka cha Jasi Kwenye Dari ya Mfalme

Saa kumi na mbili asubuhi Shazli Abulwafa ameshashuka ngazi zote tisini na tatu, na bado hajafagia. Amesimama kando ya jeneza la mawe, shingo ameikunja, anaikodolea macho dari yenye nyota za manjano. Anachokitazama si nyota. Ni kiraka cha jasi, kipana kama kiganja, kilichobandikwa juu ya ufa.

Kila ufa katika makaburi haya ya ng'ambo ya mto, mkabala na Luxor, hubandikwa kiraka cha namna hiyo, kikaandikwa tarehe. Mwamba ukisogea, jasi inapasuka. Mlinzi akiona imepasuka, anatakiwa kutoa taarifa siku hiyohiyo.

Shazli hakutoa.

"Nilikuwa napangusa vumbi kwa ufagio mrefu," anasimulia kwa sauti ya chini. "Nikasikia tak! Kutazama, kiraka vipande viwili. Sasa ni mimi nimekivunja, au kilikuwa kimeshapasuka? Wallahi sijui."

Kwa woga akakoroga jasi kwenye bakuli, akabandika kiraka kipya na kukiandika tarehe ya zamani. Hiyo ni wiki sita zilizopita. Tangu siku hiyo roho iko juu.

Shazli, 54, amelilinda kaburi hili miaka ishirini na sita. Viatu vya mfalme, mitungi yake ya bia na mashua yake ya mbao vilishapelekwa makumbusho zamani. Kilichobaki ni jeneza, picha za ukutani na hadithi. Wanawake wanaotafuta mtoto bado huja kulizunguka jeneza mara saba, na watu wa kijiji cha jirani cha Qurna husema humu mna mlinzi mwingine, jini mwenye umbo la jogoo mweusi.

"Jogoo ndiye kakipasua," Badawi, mlinzi wa kaburi la jirani anayeijua siri, humtania. "Umemnyima mtama, Haji!"

"Wewe cheka tu. Dari ikiwaangukia watu, tutamshtaki jogoo?"

Mshahara wa Shazli ni pauni elfu sita za Misri kwa mwezi. Bakshishi za wageni ndizo zinazomsomesha uuguzi binti yake, Karima. Kaburi likifungwa, hakuna bakshishi.

"Baba Karima, mwambie mkaguzi," mkewe, Nagat, humsihi kila siku.

"Nikifukuzwa je?"

"Tutakula mlenda bila nyama. Kwani itakuwa mara ya kwanza?"

Saa mbili kasoro jua linafika mlangoni. Umeme umekatika, kwa hiyo Badawi anashika kioo juu ya ngazi na kuutupa mwanga chini. Shazli anaupokea kwa ubao uliofunikwa karatasi ya bati na kuupeleka darini. Mwanga wa ubavuni haufichi kitu. Leo unaonyesha mstari mwembamba kama unywele, katikati ya kiraka alichobandika mwenyewe. Tangu siku ile hajakigusa, wala ufagio mrefu haujaingia humu.

"Ya Rabi! Kumbe si mimi," anasema, akishusha pumzi. Kisha uso unambadilika. "Kumbe si mimi! Na wiki sita nimewaingiza watu humu!"

Anapanda ngazi mbio, anavuta lango la chuma, anatia kufuli. Wageni wa basi la kwanza wameshapanga foleni.

"Haji, vipi tena? Hawa wana tiketi!" anafoka kiongozi wao.

"Hata wangekuwa na barua ya Farao mwenyewe. Haingii mtu!"

Anampigia simu mkaguzi, Bi Nirmin, na kumwambia yote, pamoja na tarehe ya uongo.

"Shazli, wewe? Wewe niliyekuamini?" anauliza mkaguzi. "Kaa hapohapo. Nakuja na mhandisi. Na maelezo utaandika."

Shazli anakaa mbele ya lango. Hajui kama kesho atakuwa na kazi.

"Wanitupe kokote, hata kuosha vyoo vya wageni," anasema. "Ila naomba kiraka kipya nikibandike mimi, mbele yao wote. Nataka kuandika tarehe ya leo."