Kifungo cha Mzee Aliyepotea

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa mpiga pasi wa hoteli. Wenzake walimwita Bi Mvuke, na jina lilimkaa, maana ujana wake wote ulipita chumba cha nyuma, pasi mkononi, jasho kidevuni. Mwisho mvuke ukamwingia kifuani. Daktari akamwambia kama anajipenda atoke mle. Basi ilipopatikana nafasi ya kaunta, ya kupokea nguo za wageni na kuzirudisha, aliiomba kabla mwingine hajafungua mdomo. Msimamizi akakubali kumjaribu wiki moja.

"Ila kaunta ni Kiingereza," alimwambia. "Hata simu ya mapokezi ni Kiingereza, mgeni asije akadhani anasengenywa. Ukinivurugia, unarudi kwenye pasi."

Siku ya pili akavuruga. Mgeni mmoja mzee alileta koti lililodondosha kifungo, wifi akapiga simu mapokezi wakitafute chumbani. Sisi tungesema kifungo cha mzee kilichopotea, yakaisha. Yeye akasema, "Please find the button of the old man who is lost." Wakaelewa mzee ndiye aliyepotea. Mlinzi akatumwa, akamkuta mzee wa watu anakunywa chai, akamshika bega kwa upole na kumuuliza kama anakikumbuka chumba chake.

Jioni aliponisimulia nilicheka mpaka mtoto akaachia ziwa kunitazama.

"Cheka tu, wifi," akasema. "Kifua si chako."

Nikaona haya. Nikamuuliza kosa liko wapi, si kifungo alikitaja?

"Nilikitaja. Dada wa mapokezi kanieleza. 'Who' ni ya mtu, 'which' ni ya kitu, na yoyote utakayoitumia inamshika aliye jirani yake." Akavuta nepi kwenye kapu langu, akaibana kibanio. "Kwetu ile 'cho' ya kilichopotea ni lebo iliyoshonewa. Hata ikikaa mbali, unajua ni ya kifungo. Kwao ni lebo ya pini. Ukiibana kwenye shati la jirani, jirani ndiye atakayepelekewa nguo yako."

Mimi niliishia shule ya msingi, na Kiingereza changu ni cha kusoma makopo ya maziwa, lakini hilo liliniingia. Tangu hapo tukawa tunabana lebo nyumba nzima. "The baby who is crying is hungry." "The spoon which is under the bed is dirty." Akikosea, namrushia kibanio.

Mume wangu akachungulia jikoni. "Na mume ambaye hajapewa chakula mnamwitaje kwa Kiingereza?"

"Tunamwita kaka ambaye mikono yake ni mizima," dada yake akamjibu.

Siku ya mwisho ya majaribio wifi akaondoka bila miwani, nikampelekea, mtoto mgongoni. Nilimkuta kaunta, msimamizi kasimama pembeni yake. Mbeba mizigo alikuwa amechukua makoti mawili meusi kwa pamoja, kayapeleka mapokezi, lebo zimedondoka njiani. Gari la mgeni linanguruma nje. Simu ikalia.

Msimamizi akanyoosha mkono aipokee yeye. Wifi akamtangulia. Mapokezi walitaka kujua lipi ni la nani.

Midomo yake ikaijaribu sentensi kwanza. Nikaanza kumbembeleza mtoto ambaye hata hakuwa analia. Kisha akasema, polepole, kama anayepita pasi kwenye kola: "The coat which has a torn pocket belongs to the guest who is leaving now."

Koti likakaa na mfuko wake, mgeni akakaa na safari yake. Kupitia kioo nilimwona yule mgeni anavaa, anaingiza mkono mfukoni, vidole vinatokea chini, anacheka na kupanda gari.

Msimamizi akarudisha mkono wake mfukoni. "Bi Mvuke," akasema, "kesho chukua sare ya kaunta. Huko nyuma nitatafuta mtu."

"Haya, bosi," akajibu, basi. Ila aliponigeukia, macho yalikuwa yamejaa machozi. "Na wewe wifi, miwani ndiyo unaileta sasa hivi?"

Nilitoka kwa mlango wa mbele, ule wa wageni, nikitembea kama mwenye hoteli.