Mji Uliokufa Njaa Kando ya Ziwa

Mwezi uliopita nilirudi Mbinga, nikapita mahali ilipokuwa ofisi ya Baba. Imebomolewa, panajengwa fremu za maduka. Nilisimama pale, rafiki yangu, nikamaliza nusu saa nikitazama kifusi.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali, tulikuwa tumehamia huko kutoka Tanga. Jumamosi, baada ya kufua na kumsaidia mama jirani kugeuza kahawa yake iliyoanikwa, mimi na dada tulimfuata ofisini. Alituachia kompyuta nzito iliyounguruma kama mashine ya kusaga. Humo mlikuwa na mchezo wa kujenga miji. Wetu tuliujenga mlimani, na kila Jumamosi ulikufa njaa.

Hatukuelewa. Kwenye ramani, ziwa lilikuwa vidole viwili tu kutoka mjini, samaki wanarukaruka. Watu wakafa, na mchezo haukusema kwa nini. Dada aliamini tumelaaniwa.

Siku moja mama jirani, Mmatengo mwenyeji wa milima ile aliyetulea kama wanawe, alituletea mahindi ya kuchemsha. Tukamwamkia.

"Marahaba. Mbona mmenuna?"

Tukamwonyesha. Hakuwahi kugusa kompyuta. Aliinama, akatazama.

"Ziwa ninaliona. Njia ya kushukia iko wapi?"

"Haipo, mama. Lakini ni karibu."

"Karibu kwa nani? Masika yote haya, usipa, dagaa wa ziwa letu huko chini, mmekula mara ngapi?"

Hata mara moja. Malori ya samaki yalikwama kwenye tope huko mteremkoni, njia ya ziwani, nasi tulikula maharage mpaka tukayachukia.

Nilichukua kalamu ya wino mzito ya Baba, nikachora juu ya kioo chenyewe, nikizungushia kila mahali mji wetu ulipoweza kufika kwa njia. Ziwa likabaki nje. Tukajenga barabara ya kushukia ziwani kwanza, na kwa mara ya kwanza watu wetu wakala.

Baba akauona wino kwenye mali ya serikali.

"Futa!"

"Sifuti, Baba. Nikifuta watakufa."

Nilichapwa, akafuta mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nikachora tena. Akatoka, akarudi na nailoni ya kufunikia madaftari, akaibandika kwenye kioo.

"Haya, chora."

Sasa kazi yangu Dar es Salaam ni hiyohiyo: kupanga kinachoonekana kwenye michezo ya namna ile. Mwaka huu mkuu wetu aliniagiza niondoe mistari inayotenganisha vitu ambavyo mji unavifikia na vile unavyoviona tu. Alisema inachafua ramani, mchezaji atagundua mwenyewe. Nilikataa mbele ya wote. Basi tukawaita wageni wacheze bila mistari. Miji yao ikafa, nao wakatuomba radhi, kana kwamba kosa ni lao. Mistari ikabaki.

Mama jirani tulishamzika, na uani kwake hakuna tena anayeanika kahawa. Lami imeshuka hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa; samaki wanafika asubuhi, na watoto wa sokoni hawajui kungoja. Nashukuru, sililii tope. Lakini mtu asije akaniambia kwamba miaka ile watu wa milimani walikosa samaki kwa uvivu, eti ziwa lilikuwa karibu. Halikuwa karibu.